Habari Niliyotembea Nayo Deira

Ijumaa ile bado ninayo, mwanangu, kama imepita juzi, ingawa ni miaka mingi sasa na magoti yangu yanaijua hesabu. Umekuja kuniaga, pasipoti iko kwenye mkoba, na swali lako ni moja tu: Dubai ni mji wa kutembea kwa miguu, au mtu anaungua tu njiani? Nimecheka, halafu kicheko kikanikatika. Umekiona. Basi kaa, chai ipo. Nitakujibu, ila jibu langu ni refu na si tamu lote.

Kutembea kupo. Tena kupo kweli kweli. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa usijaribu. Ukitoka mlangoni kwenda kutupa taka tu, nguo zimeshagandana na mgongo. Lakini ukiingia mwezi wa kumi na moja joto linavunjika. Sisi wa Muheza tukisema vuli tunamaanisha mvua na matope. Kule vuli haina hata tone. Ni upepo tu unageuka jioni moja, na mji mzima unatoka nje. Viyoyozi vinazimwa, madirisha yanafunguliwa, unasikia watu wakigombana ndani mwao, unasikia harufu ya vitunguu vya jirani. Watu uliodhani hawana miguu unawaona barabarani. Mimi mwezi huo nilikuwa nausubiri kama mtoto anavyosubiri Idi.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, mwaka wa nne wa kazi za ndani kwa madam mmoja wa Mirdif. Mirdif ni mtaa wa majumba yenye kuta, karibu na uwanja wa ndege. Kila nyumba ina magari mawili matatu na dada wa kazi. Miaka hiyo Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mapumziko, na madam wangu alinipa Ijumaa yangu bila kinyongo. Namwombea heri mpaka leo. Ukipata wa hivyo, mwanangu, mshike.

Hawa hakupata. Hawa alikuwa binti wa Kondoa, miaka ishirini na tatu, kazini nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tulijuana bustanini, maana jioni za baridi wafanyakazi wote wa mtaa ule tulitoka na watoto, kila mmoja anasukuma kigari chake. Miezi kumi na moja alikuwa hajapewa siku hata moja ya kutoka, na simu yake madam alikuwa ameifungia kabatini, anapewa mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo nyumbani kwao aliwapa namba yangu. Kaka yake, Shabani, alikuwa akinitumia ujumbe kwa WhatsApp, wakati huo ndiyo kwanza imetushika watu wote, na mimi namfikishia Hawa jioni bustanini, halafu nampa simu aongee nao dakika mbili tatu huku mimi nasukuma vigari vyote viwili. "Dada Mwanaidi, wewe ndiye simu yangu," akiniambia, anacheka. Na mimi nikijiona mtu. Mama yao alikuwa mgonjwa, mgonjwa wa muda mrefu, leo anakaa kitandani kesho anaketi uwanjani anachambua mchele. Hilo nililijua.

Sasa, mwezi ule wa kumi na moja madam wa Hawa akapata wageni, akafurahi sijui kwa nini, akamwambia Ijumaa hii nenda, urudi kabla ya saa mbili usiku. Loo! Ungemwona Hawa. Wiki nzima hatukuzungumza kingine. Nilimpangia safari kama bibi harusi: tutapanda basi mpaka Deira, tutazunguka sokoni, tutakaa kando ya hori, tutakula kitu barabara ya Rigga, jioni tupande treni twende kwenye lile jengo refu kuliko yote tukaone maji ya bwawa yanavyorushwa juu yakicheza kwa muziki. Nilimpigia pasi gauni langu la bluu avae yeye.

Asubuhi ya Ijumaa, saa tatu kasoro, najifunga mtandio, simu ikalia. Shabani. Maneno yake nayajua kwa moyo: "Shikamoo dada. Mama amezidiwa tangu alfajiri. Anamtaja Hawa tu. Tafadhali apige, hata dakika moja, amsikie."

Nilikaa kitandani na mtandio mkononi.

Hapa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wetu. Wewe unajua kwetu mtu hapewi habari ya msiba kwa simu hivi hivi. Baba yangu alipofariki nilikuwa kazini Dar. Niliambiwa, "Mzee amezidiwa, jitahidi ufike." Nikajitahidi, nikafika, nikakuta turubai limefungwa na watu wameshatoka makaburini. Ndivyo tulivyo. Tunasema amezidiwa ili mtu asianguke njiani, na kwenye ukweli tunamkalisha kwanza, tunampa maji, watu wazima wanamzunguka. Basi nilipousoma ujumbe wa Shabani nikajiambia: mama kishafariki huyu. Wanaficha. Na kama kishafariki, haraka ya nini? Maiti hapigiwi simu. Acha binti atembee siku yake moja, jioni nitamkalisha nimwambie taratibu.

Nikaona nimepata busara! Nikautia ujumbe kwenye mkoba na mkoba nikaufunga zipu.

Sikumpigia Shabani kumuuliza. Simu ilikuwa na salio. Sikupiga.

Tukaenda. Na ole wangu, mwanangu, siku ile ilikuwa nzuri. Laiti ingekuwa mbaya. Tuliteremka Deira jua likiwa jepesi, upepo unatoka majini, wanaume wa kazi za ujenzi wamevaa mashati yao ya Ijumaa yaliyopigwa pasi mpaka mstari unakata, wanatembea wameshikana mikono. Mkate unatoka tanuruni moto, mkubwa kama sinia, tukaununua mmoja tukaurarua tunakwenda. Hawa mwanzoni alikuwa anatembea mikono yake iko mbele kidogo, hivi, kama anasukuma kitu. Nikamwambia, "We Hawa, kigari kiko wapi?" Akajitazama, akacheka mpaka akashika ukuta. Miezi kumi na moja hajatembea mikono mitupu. Akaanza kuirusha mikono kama askari wa gwaride. Watu wanatuangalia, sisi hatuna habari.

Tulisimama kila mahali. Duka la ubani, duka la vitambaa, kinyozi, fundi wa saa. Hatukununua kitu, tulikuwa tunaangalia tu, na kule kuangalia bila mtu kukuita "yalla, njoo, mtoto analia," hakika ni starehe, usidharau. Na kila aliposimama mimi niliusikia mkoba ubavuni. Alikuwa akisema, "Hiki mama angekipenda," na mimi najikausha. "Hapa ningemleta mama akapunge upepo." Nikamwonyesha kitu kingine.

Ilipokaribia sala maduka yakafungwa, tukakaa kando ya hori, ule mkono wa bahari unaoupita mji katikati. Kwenye benchi letu alikuwepo bibi mmoja mwenye baibui na birika la kahawa. Alipotusikia tu akageuka.

"Wanangu, mwatoka bara weye na mwenzio?"

"Shikamoo bibi. Ndiyo, Tanzania bara."

"Marahaba. Mie Ruzuna. Wa Unguja, lakini huku nimekuja msichana, nimeolewa huku, nimezikia huku." Akatumiminia kahawa kwenye vikombe vidogo. Tukaongea naye mpaka sala ikaisha. Hawa alimpenda mara moja; akamweleza habari ya Kondoa, ya mama yake, na kwamba mama amemtuma saa ya ukutani, zile zinazoadhini zenyewe. Maduka yalipofunguliwa, Bi Ruzuna akamwonyesha kwa kidole duka ng'ambo ya barabara, Hawa akavuka mbio.

Tukabaki wawili. Sijui ilikuwa kahawa au ule uso wa mtu mzima, mdomo ukanifunguka. Nikatoa simu nikamsomea.

"Kwa hivyo mamaake kafa?" akaniuliza.

"Nadhani hivyo, bibi. Si unajua watu wetu wanavyoficha."

"Wadhani. Umempigia huyo kaka ukamuuliza?"

"Bado."

"Kwa nini?"

Nikamwambia nataka binti apate walau siku moja ya furaha, miezi kumi na moja yuko kifungoni, jioni nitamwambia. Nilijieleza vizuri sana. Bi Ruzuna aliniacha nimalize, kisha akaweka birika chini.

"Hiyo siku anaitaka yeye, au waitaka weye?"

Nikairudisha simu mkobani.

"Kama kafa, si kazi yako kumfichia mtoto wa watu mamaake. Na kama hajafa, je? Hilo hukulifikiri? Mtu yu kitandani angojea sauti ya mwanawe, na sauti yenyewe inazurura sokoni na weye. Mwite. Hapa hapa, mie nipo, nitamshika. Mie siwezi kumwambia, simjui. Habari umepewa weye. Nyanyuka!"

Nikanyanyuka, wallahi. Nikapiga hatua tatu. Hawa huyo anatoka dukani na boksi, na ile saa ameiwasha, inaadhini kwa sauti ya juu katikati ya barabara, wakati si wa sala wala nini, watu wanageuka, dereva wa teksi ametoa kichwa dirishani. Hawa hajui kuizima. Anaipiga piga, machozi ya kicheko yanamtoka. "Dada! Mama atasema nimemletea mwadhini chumbani!"

Nikasema, "Hawa, twende, tutachelewa."

Tulikuwa hatuchelewi popote. Bi Ruzuna nilimuaga, hakuitikia.

Barabara ya Rigga tulifika kama saa kumi. Hapo, ukitaka kujua kutembea, ndipo. Njia ya miguu ni pana, miti imepangwa, meza za mikahawa zimetolewa nje, familia zinapita polepole na watoto wamevaa nguo mpya, na jua la saa kumi la mwezi ule linakushika begani tu, halikuumizi. Tulinunua aiskrimu, ya pistachio. Hawa akaila kidogo kidogo isiishe. Akaniambia, "Dada Mwanaidi, leo nimekuwa mtu." Nikamwambia, "Kula, inayeyuka." Najua ilikuwa saa kumi kwa sababu alitazama ile saa yake ndani ya boksi na akaisoma kwa sauti.

Jioni tukafika kwenye lile jengo refu. Watu wamejaa kuzunguka bwawa wakisubiri maji. Nikampeleka pembeni penye ukuta mfupi, nikamkalisha. Nikamnunulia maji. Nikafanya kila kitu kama inavyotakiwa kufanywa, mwanangu, kila kitu. Nikamshika mkono nikasema, "Hawa, kuna ujumbe wa Shabani. Mama amezidiwa. Anataka umpigie."

Hakulia. Alininyang'anya simu, akapiga pale pale. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumshika atakapoambiwa kwamba mama alikufa alfajiri.

Shabani akapokea. Nilimsikia, maana Hawa aliweka sauti ya nje, kwa haraka alibonyeza asichokijua. Shabani alikuwa analia. "Hawa, umekuwa wapi? Mama ametutoka saa tisa. Simu tulimwekea kwenye mto tangu asubuhi. Kila ikilia anafumbua macho."

Saa tisa ya Kondoa ni saa kumi ya Dubai.

Maji yakaanza kucheza, muziki, watu wakapiga kelele na kuinua simu zao juu. Hawa alinigeukia. Hakupandisha sauti, nililazimika kumsogelea nimsikie.

"Alikutumia saa ngapi?"

Ningeweza kudanganya, akili ilinijia kabisa. Nikasema, "Saa tatu."

"Saa tatu ya lini?"

"Ya asubuhi."

Nikaona midomo yake inahesabu: mkate, vitambaa, kahawa, saa, aiskrimu. Nikaanza kumweleza, nilidhani kishafariki, nilidhani wanaficha, nilitaka upate siku. Maneno yalinitoka mengi mno. Aliniacha niseme mpaka yakaniishia, kisha akasema, "Dada, si ungeniambia tu." Akavua gauni langu? Hakuvua, angevuaje, lakini aliushika upindo wake kwa vidole viwili, anautazama, na nikajua kwamba angelivua kama angeweza.

Tulirudi Mirdif saa mbili haijafika. Madam wake alifungua mlango, akamwona uso, akamuuliza. Alipoelezwa, yule mama, yule niliyekuwa nikimwita mfunga watu, akaweka mkono kifuani akasema, "Kwa nini hamkuniambia asubuhi? Ningempa simu yangu." Kisha akamfungulia kabati akampa simu yake alale nayo. Mimi nilikuwa nimesimama pale getini, na hakuna kofi nililowahi kupigwa lililoniuma kama maneno yale.

Nilikwenda bustanini kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne Hawa akaja na kigari. Akaniamkia vizuri, "Shikamoo dada," kama kawaida. Hakunitukana kamwe. Laiti angenitukana. Tulizunguka bustani ile msimu mzima, upepo ni ule ule, tunaongea habari za watoto na madobi. Ila simu yangu haikulia tena kutoka Kondoa. Nilijua baadaye kwamba, simu yake iliporudishwa kabatini, namba mpya aliyowapa kwao ni ya Mfilipino wa nyumba ya mkabala, msichana asiyejua hata neno moja la Kiswahili. Ujumbe ukifika, yule Mfilipino alikuwa haelewi kilichoandikwa, basi anavuka barabara mbio na simu mkononi, muda huo huo, mtoto kamwacha na mwenzake, anagonga geti. Niliwahi kumwona. Nilisimama na kigari changu nikamtazama anavyokimbia, na nikaona aibu ambayo mpaka leo sijaimaliza.

Mwaka uliofuata mkataba wa Hawa ukaisha akaondoka. Hatukuagana kwa ubaya. Hatukuagana kwa chochote.

Basi mwanangu, jibu lako hili hapa. Tembea. Mwezi wa kumi na moja ukifika toka, vaa viatu vya chini, beba maji, zunguka Deira yote, usiogope kuonekana mshamba, na ule aiskrimu yako. Mji ule ni mtamu kwa miguu na hakuna dhambi kuufurahia. Lakini utakuwa na wenzako kule, na siku moja utapewa habari ya mwenzio kwenye simu yako, kwa sababu yeye hana simu au amenyang'anywa. Siku hiyo usiwe na huruma ya kwangu. Usikae ukampimia mwenzio lini aumie na lini afurahi. Usikisie kilichotokea, piga uulize. Halafu mwendee, hata kama yuko jikoni mikono ina unga, hata kama ndiyo siku yake ya kwanza ya kutoka, mwambie vile vile ulivyoambiwa. Akilia, mlie wote hapo barabarani, watu watapita. Mimi nilisema naficha kwa ajili yake. Si kweli. Nilikuwa nimeusubiri mwezi ule, nilitaka kutembea, na nilitaka mtu wa kutembea naye anayecheka. Bibi wa watu aliliona hilo kwa kikombe kimoja cha kahawa.

Haya, nipe mkono, kabla wenzako wa safari walioko nje na gari hawajaanza kukupigia honi. Mwenyezi Mungu akupeleke salama na akurudishe ukiwa mzima, wa mwili na wa akili. Akuangushe kwenye mikono ya madam mwenye imani. Akupe mapumziko, akupe upepo mzuri wa kutembelea. Na katika mji ule, mwanangu, akukutanishe na rafiki atakayekuharibia siku yako saa tatu asubuhi, wakati bado kuna mtu wa kupokea simu.